Makuruta wa Mburu

Mburu wa Kagwe alikuwa mpishi, na mtu aliyethubutu kumwambia kwamba kupika ni kazi ya wanawake alijibiwa papo hapo, tena kwa ukali, kwamba jeshi zima la Mfalme lilikula kutoka mikononi mwa wanaume, kuanzia Nairobi mpaka Burma, na halikulala njaa hata siku moja. Hapo alikuwa anatia chumvi, maana jeshi lililala njaa mara nyingi tu, lakini hakukuwa na shahidi wa kumkosoa. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kitambi cha mwonjaji na kucha safi kuliko za karani. Mwaka wa 1951 ulimkuta jikoni mwa Memsahib Hobdi, kwenye shamba la kahawa kati ya Ruiru na Thika, karibu na reli.

Memsahib Hobdi alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ya kuitia mbwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kukutupia maneno uyapange mwenyewe. Mburu alikuwa amekizoea, akajua kwamba "lete moto" ni maji ya moto na "ondoa hii kuku" inaweza kuwa kuku wa mezani au kuku aliyeingia sebuleni.

Siku mambo haya yalipoanza, alikuwa ametenga mkate wa siku tatu, mgumu, ampelekee mama yake Waceke auloweke kwenye chai. Memsahib akaingia jikoni, akauona, akaunyakua.

"Hii mzuri," akasema. "Mimi nataka krutoni."

"Nini, memsahib?"

"Krutoni! Krutoni! Kwa supu."

Mburu alibaki ameshika kitambaa cha vyombo. Masikioni mwake lilikuwa neno kuruta, na hilo alilijua vizuri mno. Mwaka wa 1942 yeye mwenyewe alikuwa kuruta kambini Nairobi, akiamshwa kwa filimbi na kusimamishwa mstarini na sajini mwenye mdomo mchafu. Kuruta ni askari mpya asiyejua kushoto wala kulia. Sasa makuruta wa supu ni akina nani?

Memsahib hakumngojea atafakari. Alikata mkate silesi nene, akazivua maganda, akazikata fito, akazigeuza akazikata tena, hadi vikapatikana vipande vya pembe nne, vyote kimo kimoja, vimepangwa ubaoni mstari kwa mstari. Kisha akafanya jambo lililomfanya Mburu ashike kichwa. Alichota siagi kijiko kizima, akakitia kikaangoni, akachota na cha pili, halafu akaimimina humo nusu ya ule mkate wa kuloweka.

Mburu alishtuka kweli kweli. Jeshini mkate wa namna hiyo walikuwa wakipewa nguruwe. Mtu mwenye akili zake anakaangaje kitu ambacho tayari kimeokwa? Na akishakikausha kikalia kokoko, anakitupa kwenye supu kilowe tena! Alimtazama mwajiri wake kwa huruma, akawaza kwamba huenda upweke umemwingia kichwani.

"Onja," memsahib akamwambia.

Akaonja. Kipande kilivunjika kwa mlio alioupata masikioni kutoka ndani, si nje. Katikati kilikuwa laini bado, na siagi ikatoka humo pamoja na chumvi ikamjaa ulimini. Miaka tisa Mburu alikuwa akijiita mpishi, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mkate uliochoka unaweza kufufuka. Aliona aibu, kisha akaona furaha, na vyote viwili vilimjia kwa pamoja hata akalazimika kugeukia dirishani.

Alipogeuka tena aliviangalia vile vilivyobaki ubaoni: wima, safu kwa safu, kimo kimoja, vimenyolewa maganda kama sajini alivyowanyoa wao nywele. Ndipo akaelewa. Wazungu hawakukosea jina. Makuruta hasa!

Tangu siku hiyo jiko la Mburu likawa uwanja wa gwaride. Memsahib akiwa mbali, aliwapanga kikaangoni na kuwaamrisha kwa sauti ya chini, "Kushoto, geuka!" huku akitikisa mpini. Mbele yake alijibu "ndiyo, memsahib" basi, na memsahib hakuwahi kusikia jina walilopewa. Na kwa kuwa kuruta ni mtu, Mburu hakusema kamwe kwamba yamekauka au vimekauka. Alisema wamekauka, wako tayari, wengine wameungua, maskini. Ulikuwa mzaha wake mwenyewe, na mtu anayepika peke yake siku nzima ana haki ya mzaha mmoja.

Jumapili alipokwenda nyumbani kwenye laini za wafanyakazi, alibeba waliobaki ndani ya karatasi. Mkewe Warigia aliifungua karatasi, akamtazama.

"Baba Wangeci, hizi ni nini? Umetuletea makombo ya mbwa?"

"Mama Wangeci, hao ni makuruta. Watie kwenye supu, kisha usiseme neno mpaka umeze."

Warigia alikuwa amechemsha maharagwe na kitunguu, ile supu nyekundu ya kawaida ya kila wiki. Alitupia wachache juu, akaonja. Kisha akachota tena. Wangeci, binti yao mdogo, alidai wake wakae pembeni mwa bakuli ili wasilowe, na akawala mmoja mmoja akisikiliza wanavyolia mdomoni. Bibi Waceke, ambaye hakuwa na jino hata moja, alikataa kupitwa na jambo. Aliwaacha wake waloe mpaka wakawa uji, akawafyonza, akatangaza kwamba kumbe maharagwe aliyokula maisha yake yote yalikuwa yakingojea mwenzao.

Mwezi haukwisha kabla laini nzima haijajua. Asiye na siagi alitumia mafuta ya ng'ombe. Asiye na mkate alitafuta njia yake, na aliyeipata ni Selpha, mke wa Jared dereva wa trekta, waliotoka upande wa Bungoma. Selpha alikata ugali uliolala vipande vya pembe nne, akavikaanga na chumvi, akavimwaga juu ya mchuzi wa kunde. Mburu alipoonja alishtuka kama siku ile ya kwanza. Aliwaza moyoni kwamba hao wa ugali wamewashinda wa mkate, lakini alikuwa na cheo cha kulinda, hakusema hadharani. Alisema tu, "Selpha, hao wako ni makuruta wa magharibi. Wana vifua vipana."

Selpha alicheka. "Mayi! Na watawatembeza wenu kwa mguu!"

Basi hivyo ndivyo watu wa kibarua cha kahawa walivyopata kitu cha kufurahia. Si nyama wala si sukari, ni masalio ya jana yaliyokatwa kwa adabu na kukaangwa. Katika baridi ya Julai, manyunyu yakianguka Ruiru tangu asubuhi, bakuli la supu lenye makuruta juu lilimfanya mtu aone kwamba naye anakaribishwa duniani.

Halafu ikaja Hali ya Hatari, serikali ikiwasaka wapiganaji wa msituni na kila aliyekula kiapo chao.

Kufikia mwaka wa 1954 laini zilikuwa zimezungushiwa seng'enge. Mkikuyu hakutoka bila kipande, yaani kitambulisho chake, na pasi ya kutembea. Homgadi, wale mgambo wa serikali, walisimama kwenye geti na bunduki, na baadhi yao walikuwa watoto wa jirani waliojulikana hata majina ya mbuzi wao. Watu walichukuliwa kwa kiapo walichokula, na kwa kiapo ambacho hawakukila. Kulikuwa na maneno ambayo yakikutoka mdomoni tu ulikuwa umekwisha, na watu wakajifunza kuongea kama wanaotembea kwenye matope. Mburu aliogopa kama wote, lakini alijiambia kwamba mpishi hana siasa. Nani atamgusa mtu wa supu?

Siku moja ya Ijumaa, Memsahib Hobdi alimweleza kwamba kesho jioni kutakuwa na wageni, akiwemo DO, ofisa wa tarafa. Mburu alikuwa na tabia ya kuandika mambo ya kupika, maana kusoma alijifunzia jeshini na hakutaka kusahau. Alitoa kijikaratasi, akaandika kwa penseli, kwa mwandiko wake wa duara:

"Jumamosi. Wazungu sita. Makuruta sitini. Wakatwe asubuhi, wawekwe juani, saa kumi na mbili wachomwe kwa mafuta. Wageuzwe wasiungue upande mmoja. Bwana DO apewe kumi na watano, anawapenda sana. Watakaobaki nitawaficha kwenye debe."

Akakikunja, akakichomeka ndani ya kipande chake, akatoka saa tisa kwenda kuchuma giligilani karibu na geti la chini.

Getini alikuwepo Gerishon, karani wa homgadi, kijana wa misheni aliyesoma mpaka darasa la sita na hakumsamehe mtu yeyote ambaye hakufika huko. Alimwomba kipande. Karatasi ikaanguka. Akaiokota, akaisoma, akaisoma tena midomo ikitembea, na Mburu akaona uso wake ukisawajika.

"Wewe," Gerishon akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Wewe mzee wa supu!"

Mburu alidhani ni mchezo. Alicheka kabisa. Aliendelea kucheka mpaka mtutu wa bunduki ulipomgusa mbavu.

Walimpeleka kwenye kambi ya kuchujia watu, upande wa Thika, mahali ambapo wafanyakazi wa mashamba walikalishwa chini kwenye vumbi wakingoja kuulizwa. Ndani ya banda la mabati palikuwa na inspekta kijana, Mzungu, uso mwekundu wa jua. Alikuwa amefaulu mtihani wa Kiswahili wa serikali miezi michache tu iliyopita, na alikuwa bado ana njaa ya kukitumia. Karatasi ya Mburu ilikuwa mbele yake.

"Makuruta ni nani?" akauliza.

"Ni mkate, bwana."

Gerishon akaguna. Inspekta hakutabasamu.

"Mkate?"

"Vipande, bwana. Za supu. Mimi hukatanga mkate, nakaanga, naita makuruta. Ni memsahib alinifundisha."

"Hapa umeandika wakatwe," inspekta akasema, akitembeza kidole chini ya neno. "Hukuandika vikatwe. Hukuandika yakatwe. Wakatwe. Wachomwe. Nitawaficha." Alisema taratibu kama mwalimu anayemrudisha mtoto kwenye mstari. "Hiyo ni ngeli ya watu na wanyama. Mkate ni mtu?"

"Hapana, bwana."

"Mkate ni mnyama?"

"Hapana, bwana."

"Basi watakaokatwa asubuhi ni nani? Wako hapa juu. Wazungu sita."

Mburu alipigwa na butwaa. Aliitazama karatasi yake kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. Na kwa mara ya kwanza aliisoma kwa macho ya wale wengine: Wazungu sita, wakatwe asubuhi, wachomwe kwa mafuta, DO apewe kumi na watano, wengine wafichwe. Yeye mwenyewe angekuwa amekaa kwenye kiti kile, angemfunga mtu huyo.

Na hebu fikiria upuuzi wenyewe! Huku kwetu bara ngeli hazijamnyima mtu usingizi. Mtu husema "kiatu yangu" na "gari amefika", na kiatu kinavaliwa na gari linapandwa. Mburu alikuwa ameishi miaka thelathini na minane akichanganya hizi na zile, na kosa lake kubwa mno likawa ni mara hii moja, aliposema wa- kwa makusudi, kwa mapenzi, kwa sababu aliwaona wamesimama vizuri ubaoni. Kwa herufi mbili hizo mtu aliweza kupanda treni ya kwenda kwenye kambi za nchi kame akasahauliwa huko. Akikosa bahati zaidi aliweza kufikishwa mahakamani, na siku zile kutoka mahakamani hadi kwenye kamba hapakuwa mbali.

"Bwana, nimesema wa- kwa sababu wanasimamanga laini," akajaribu kueleza. "Kama sisi jeshini."

"Jeshi gani?" Gerishon akadakia. "Jeshi la msituni?"

Kofi lililofuata lilitoka kwa Gerishon, kiganja wazi, kwenye sikio la kulia. Sikio likaanza kulia wiii, mlio mmoja usiokatika, na tangu hapo kila aliyemsemesha Mburu upande huo alikuwa anausemesha mlio.

Siku ya pili Gerishon alikwenda kwenye laini kumhoji Warigia. Mambo haya Mburu alisimuliwa baadaye. Warigia alipoulizwa kama anawajua makuruta wa mumewe, moyo wake ulitua. Kumbe ni hilo tu! Akajibu upesi, kwa furaha, ili waone hana la kuficha.

"Ee, nawajua. Ananileteanga kila Jumapili."

"Wangapi?"

"Ishirini. Saa ingine thelathini. Wakiwa wengi tunagawia majirani."

"Mnawafanya nini?"

"Si tunawakula?"

Gerishon alirudi nyuma hatua moja. "Nani anawakula?"

"Sisi wote. Hata mtoto. Cucu huwaloweka kwanza, kwa sababu hana meno." Warigia akamwona anavyoandika kwa haraka, akaongeza kwa wema, "Kama hujawahi kuonja, mwambie Baba Wangeci akuletee. Lakini ni wa Selpha wananishinda utamu."

Wakati ule watu walikuwa wamejazwa hadithi za kutisha juu ya viapo na vitu vinavyoliwa humo, na Gerishon alizibeba zote kichwani. Aliondoka bila kuaga. Warigia alimwita nyuma, "Atiriri, si ni mkate tu?" lakini yeye alikuwa amefika getini, na kwenye daftari alikuwa ameandika kwamba mke amekiri.

Siku ya nne Memsahib Hobdi aliletwa kambini. Mburu alimwona kutoka nyuma ya seng'enge, hatua arobaini hivi, akishuka garini na bastola kiunoni. Moyo ulimruka. Mwenye krutoni amefika! Angesema neno moja tu na mambo yangekwisha. Inspekta alimtokea nje ya banda, akamsemesha kwa Kiingereza, na kwa sikio lililobaki Mburu alijitahidi kushika maneno. Inspekta hakusema krutoni wala makuruta. Alikwisha kulifasiri neno kama alivyolisoma kwenye kamusi, akamwuliza memsahib kama amewahi kumfundisha mpishi wake habari za askari wapya.

"Neva!" memsahib akasema. Neno hilo, yaani kamwe, Mburu alilijua, maana alilisikia jikoni kila siku. "Neva! Neva!"

"Memsahib!" Mburu akapiga kelele. "Memsahib, ni makuruta! Makuruta ya supu!"

Mama yule aligeuka. Miaka mitatu alikuwa amekula kutoka mikononi mwa mtu huyu. Sasa alimtazama kama mtu anavyotazama sahani iliyokutwa na sumu baada ya kuilamba. Alishika kifua, akaingia garini, na gari likaondoka. Mburu hakushtuka na kofi kama alivyoshtuka na jicho lile. Alikaa chini hapo hapo alipokuwa. Alihisi kwamba ukweli alikuwa ameusema wote, haukubaki hata kidogo, na haukumsaidia.

Kila jambo walilosema yeye na mkewe lilikuwa kweli, na kila kweli ilizidi kumzamisha. Siku ya tisa aliambiwa kwamba faili lake liko tayari na Jumatatu ataondoka na wengine. Usiku na mchana alitafuta neno jingine la kusema badala ya makuruta, na kila alilolipata lilionekana ni la mtu anayeficha. Aliacha kusema kabisa.

Shambani nako memsahib hakuwa na mpishi. Wakikuyu alikwisha kuwaogopa wote, akamchukua Selpha aje kumsaidia. Siku ya kumi, ambayo ilikuwa Jumapili, alitaka supu ya njegere.

"Na krutoni," akasema.

"Nini, memsahib?" Selpha akauliza.

Memsahib alishusha pumzi, akachukua mkate wa juzi, akaanza upya kama alivyoanza miaka ile: silesi, maganda, fito, pembe nne. Selpha aliviangalia vinavyozaliwa ubaoni, uso ukamchangamka.

"Aa! Si ungesema tu, memsahib! Makuruta!"

Kisu kilianguka sakafuni.

"Sema tena," memsahib akanong'ona.

Selpha aliogopa. Alidhani ametukana. Lakini hakuwa na jina jingine la kukiita, akasema tena, polepole, akinyoosha kidole kwenye ubao. "Makuruta. Ni Mburu alitufundisha. Laini yote tunawapika. Mimi nawapika wa ugali."

Selpha alisimulia mpaka uzeeni jinsi uso wa memsahib ulivyobadilika rangi mara tatu. Hakuvua hata aproni. Alimaliza kukaanga wale waliokatwa, akawafunga kwenye kitambaa cha meza, akamsukuma Selpha garini, na wakaenda Thika kwa mwendo wa kuua kuku.

Mburu alitolewa kwenye vumbi akaingizwa bandani. Aliona kitambaa kimefunguliwa juu ya faili lake, na makuruta wamekaa hapo, wengine wamevunjika safarini. Inspekta alichukua mmoja, akamgeuza, akamtia mdomoni. Wote wakasikia mlio. Kisha inspekta akaanza kucheka. Alicheka hadi akavua kofia, akajipangusa macho, akasoma karatasi ile kwa sauti na kucheka upya kwenye DO. Memsahib naye alikuwa akicheka na kulia. Selpha peke yake hakucheka. Alikuwa anaitazama shingo ya Mburu, jinsi ilivyokuwa imekonda.

"Vikatwe," inspekta akamwambia Mburu kwa upole, kidole juu. "Vi-katwe. Vi-chomwe. Sema."

"Vikatwe," Mburu akasema. "Vichomwe."

"Vizuri sana."

Hakuna aliyesema pole. Gerishon aliinama, akachukua wa mwisho kitambaani, akatafuna akifikiri.

"Kumbe ni tamu," akasema.

Njia nzima kutoka Thika memsahib aliendelea kucheka mwenyewe kwenye usukani. "Makuruta! Oo, Mburu!" Mburu alikaa nyuma na Selpha. Alijaribu kucheka pia, kwa kuwa mwajiri akicheka mtu hucheka, lakini uso ulikataa. Walipofika memsahib alimpa mkate mzima, mpya, umefungwa kwenye karatasi, akamwambia apumzike kesho.

Saa kumi na moja jioni alisukuma mlango wa nyumba yake. Warigia alikuwa anakoroga maharagwe. Mwiko ulimtoka mkononi, akasema "Ngai!" tu. Bibi Waceke alimpapasa usoni kama anayetafuta kitu kilichoibwa. Mburu alisimama katikati yao, mkate kwapani, akihisi machozi yanakaribia, na kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi aliamini kwamba ameokoka.

Wangeci aliuona mkate. Aliruka, akapiga makofi, akakimbilia mlangoni kuwaambia wenzake wa nje, kwa sauti yake yote.

"Baba ameleta makuruta! Makuruta wamerudi!"

Mburu hakujua mkono ulivyoondoka. Alisikia tu kofi, akamwona mtoto ameketi sakafuni ameshika shavu. Hakuwa amempiga mtoto yule tangu azaliwe. Alikuwa akijisifu kwa hilo mbele za watu. Alikitazama kiganja chake, kilikuwa wazi bado.

"Usiseme hilo neno," akasema. Sauti ilimtoka nyembamba, si yake. "Usiliseme tena. Hapa wala nje. Umesikia?"

Wangeci hakulia. Hilo ndilo lililomwumiza zaidi. Aliitika kwa kichwa, akaenda kukaa nyuma ya bibi yake.

Mburu alifunga mlango. Alichukua kisu, akakata mkate, akawasha upande wa pili wa meko, akakaanga kwa mafuta ya ng'ombe akiwa amewapa mgongo, kwa sababu hakutaka wamwone. Hakuamrisha mtu kushoto wala kulia. Warigia alipakua. Walikula, na supu ilikuwa nzuri, hilo hakuna ambaye angeweza kulikanusha, hata Bibi Waceke alimaliza yake.

Mwisho Wangeci alikuja taratibu hadi kwenye kigoda cha baba yake, upande wa sikio zima, akainua bakuli lenye kipande kimoja kilichobaki.

"Baba," akanong'ona, "na mkate, tunaruhusiwa kusema?"

Mburu aligeuka kwanza kutazama mlango, ndipo akamjibu kwamba ndiyo.